Jina la Baba Zeinab

Msemo wa "asiyekuwapo na lake halipo" baba yake Zeinab alikuwa hataki hata kuusikia. Ukiusema mbele yake, umejitafutia darasa. "Nani kakwambia?" angeuliza, tonge la wali limesimama njiani. "Marehemu hayupo, na lake lipo. Tena ndilo la kwanza!"

Wala hayakuwa maneno matupu. Kila alipopata ruhusa, dereva huyu wa Riyadh alipanda basi usiku kucha hadi Makka kufanya umra, kuizunguka Kaaba na kwenda baina ya Safa na Marwa, na karibu kila mara haikuwa yake. Yake aliifanya mwaka wa kwanza, ikaisha. Zilizofuata ziliwaendea wafu. Ya mamake, ya babake, ya mwalimu wake wa Kurani chuoni, ya muuza mahamri mmoja wa Kisauni aliyekufa bila kuacha mtoto. Alimfanyia hata jirani aliyekufa hawasalimiani. "Sasa hawezi kuninunia," alisema, akacheka peke yake.

Akitoka Makka alipitia Jidda kumwona bintiye, aliyekuwa yaya katika nyumba moja ya mtaa wa Al-Rawdah. Wakila pamoja, Zeinab alimtania.

"Baba, wafu wanakupangia foleni! Sisi wazima zamu yetu lini?"

"Wewe yako utaifanya kwa miguu yako mwenyewe, na mimi nitakuwa kando yako. Rajabu hii, inshallah."

Maana Zeinab alikuwa hajaenda. Mwaka wa nne yuko Jidda, Makka pua na mdomo, na hajaenda! Mara mtoto wa madam anaota meno, mara wageni wamejaa nyumba, na zaidi ya yote alitaka aende na Baba, si na mtu mwingine. Wakapanga Rajabu.

Nyumbani Kisauni hakuna aliyemwita mzee huyu kwa jina lake, Hashim. Mkewe alimwita Baba Zeinab, na kabla Zeinab hajazaliwa alimwita "Bwana", au alikohoa tu, na yeye akajua anaitwa. Kwa wanawake wa rika lake, kumtaja mume kwa jina lake kavu ni kukosa adabu. Mtoto kumtaja baba yake ndiyo usiseme kabisa. Basi jina lile alilitumia bosi wake Riyadh, na wenzake wa Al-Murabba alikokuwa akilala, na Zeinab alizoea kuliona kwenye karatasi tu, likifuata lake.

Chumbani kule Al-Murabba alikaa na Jeremiah, dereva Mkamba, Mkristo wa kanisa hasa. Wenzao wengine walimshauri mzee aoe mke wa pili hukohuko, ati baridi ya Riyadh haina huruma. "Mimi nina blanketi," akawajibu, na mambo yakaishia hapo. Kila alasiri alimpigia simu Mama Zeinab, wakaongea mambo yasiyo na kichwa wala miguu: maji ya mfereji yamerudi au bado, paka wa jirani kaiba samaki, nazi siku hizi hazina tui. Jeremiah alikuwa akivunjika mbavu. "Mzee, unaongea na bibi utadhani umeanza kumchumbia jana!" Mzee hakuona haya hata kidogo. Aliongea hivyo miaka yote aliyokaa huko, na mkewe hakulala siku moja akijiuliza mumewe yuko wapi.

Rajabu haikumngoja. Alianguka akitoka kuswali alasiri, viatu bado mkononi. Aliyempigia Zeinab ni Jeremiah. "Binti... binti yangu... Mzee ametuacha." Kesho yake akazikwa Riyadh, Zeinab hajaipata hata ndege. Jeremiah alisimama kwenye lango la makaburi mpaka watu wote wakatoka.

Zeinab alilia jikoni, akalia akimwogesha mtoto, akalia mpaka mtoto naye akamsaidia kulia. Lakini chini ya kilio hicho palikuwa na jambo moja lililomkosesha raha: aliyewafanyia wote, yeye atafanyiwa na nani? Zeinab hakuwa na kaka, na mama yake alikuwa Kisauni, amekaa eda, hatoki. Alikuwa yeye tu.

Akaomba ruhusa. Madam akampa Alhamisi, siku moja tu, kwani Ijumaa familia nzima inasafiri na Zeinab lazima aende na watoto. Zeinab akashukuru. Ndipo mama mzee wa nyumba ile, waliyemwita Hajja, akauliza kutoka kwenye kochi lake:

"Na yako mwenyewe umeshafanya?"

"Bado, Hajja."

"Halas, basi. Yako kwanza. Asiyefanya yake hamfanyii mwingine."

Zeinab akapiga hesabu. Umra mbili, siku moja, peke yake, mahali asipopajua! Akawaza aache. Halafu akamkumbuka muuza mahamri, mtu baki kabisa, naye alifanyiwa. Akaomba vibali vyote viwili vya umra kwenye simu.

Wiki hiyo Jeremiah alikuwa Jidda na bosi wake. Alhamisi asubuhi akampeleka Zeinab hadi kituo cha treni.

"Mimi mwisho wangu hapa, si unajua, Makka haingii asiye Mwislamu. Ningeruhusiwa ningekufikisha mlangoni." Akafungua buti, akatoa mwavuli mweusi, mpini umefungwa kwa utepe. "Wa Mzee. Hakuwa anaenda Makka bila huu. Na kuna neno alipenda kuniambia. Alisema ukimfanyia mtu, mtaje kwa jina lake na la baba yake, usimpeleke kama mzigo usioandikwa mwenyewe. Mimi ni Mkristo, lakini hilo nililishika."

"Ahsante, Ami Jeremiah."

"Nenda, binti. Yalla, treni haingoji mtu."

Umra yake mwenyewe Zeinab aliifanya akitokwa na machozi na jasho pamoja. Alipoiona Kaaba aligeuka kando, bila kufikiri, kumwonyesha Baba. Kando pakawa na bibi mmoja wa Kihausa asiyemjua, akamshika mkono, wakazunguka pamoja. Alipomaliza Marwa akakata ncha ya nywele zake. Yake ikawa imetimia, kama Baba alivyotaka, ila bila Baba.

Bila kupumzika akapanda basi la Msikiti wa Aisha, nje kidogo ya mji, wanakokwenda watu kunuia umra nyingine. Miguu imevimba, jua la utosi, mwavuli umemsaidia sana. Akaswali rakaa zake mbili. Akasimama, akafungua mdomo kutia nia kwa niaba ya...

Jina halikutoka. Akajaribu tena. Tangu azaliwe hajawahi kulitamka, na ulimi ulikataa katakata. Tena alijua akilitamka hapa, pamoja na majina ya marehemu, basi Baba amekufa kweli. Watu wakawa wanatoka, basi linapiga honi. Akampigia mama yake.

"Mama, siwezi. Nimefika pa kumtaja, siwezi kumtaja Baba."

Alisikia kuku wa Kisauni wakilia.

"Nami sijawahi, mwanangu," mama akasema. "Hata siku moja. Haya, tulitaje pamoja."

Wakalitaja. Sauti ya mama ilitetemeka, ya Zeinab ikaishika, zikaenda sawa: "Hashim bin Shee." Zeinab akatia nia, nia yenye mwenyewe, machozi yakimdondoka hadi kwenye mpini wa mwavuli. Akakimbilia basi, simu bado sikioni.

Mama alikuwa hajakata. Alikuwa akilirudia lile jina polepole, peke yake. "Hashim," akasema. "Hashim. Jina zuri hili, Zeinab. Miaka yote ile, na hakuwahi kulisikia kwangu."