Simu Isiyofika Ghorofani

Wifi yangu ni mwongo. Nasema hivi nikiwa nampenda, na kaka yangu aliyemuoa analijua hilo kuliko mimi. Ila uongo wake ni wa aina moja tu, na huufanyia kazini, akiwa anapanda au anashuka ngazi.

Karakana anayofanyia kazi hutengeneza makochi. Chini wako maseremala na misumeno yao, na mkubwa wao wanamwita Fundi. Juu kuna cherehani sita, marobota ya vitambaa na magunia ya sponji, na huko anatawala dada yake Fundi, mkubwa wake kwa miaka minne. Yeye wanamwita Mkasi, nusu kwa sababu ya kazi, nusu kwa sababu ya ulimi. Ngazi ya kwenda juu imejengwa nje, nyuma ya nyumba, vidato ishirini na viwili vya zege, na kuna mlango chini na mlango juu. Wifi yangu hukaa chini karibu na lango, mezani kwake kuna simu moja na daftari la wateja, na kwa jinsi anavyoipanda na kuishuka hiyo ngazi kutwa nzima, hakuna anayemwita kwa jina lake. Ni Mama Ngazi.

Miaka mitatu iliyopita kochi moja la kona lilikataa kuvaa nguo yake. Kitambaa kilipungua kama vidole vinne hivi. Fundi akasema dada yake hajui kupima, dada yake akasema Fundi hajui hata kuhesabu, na yote hayo mbele ya mteja aliyekuja na mke wake na mkwe wake. Tangu siku hiyo hawakusemeshana tena. Hata "hujambo" ikafa. Walifanya kazi kwenye jengo moja, kwenye kochi moja, na kila neno lao lilipita kwa Mama Ngazi.

Hapo ndipo uongo ulipoanzia. Fundi angezima msumeno na kufoka, "Mwambie huyo wa juu kama macho yamemwisha atupishe." Mama Ngazi angetoka na maneno hayo, na kufika kidato cha kumi yale ya macho angekuwa ameshayatupa. Kufika juu angesema, "Anasema dada samahani, mto wa kushoto uongezwe kidogo, mingine imekaa vizuri kabisa." Mkasi naye angejibu kwamba hata punda angeliona hilo kabla ya kupiga misumari, na huko chini jibu lingefika likiwa limeoga: "Anasema sawa, na ahsante kwa kuliona mapema." Mto ukaongezwa, kochi likauzwa, watu kumi na mmoja wakaendelea kula.

Mimi nilimsema. Sipendi uongo, na wifi si mtu wa kumwonea haya. Nikamwambia siku watakayoongea wenyewe, ataumbuka mbele ya karakana nzima. Akanijibu kwamba ndiyo maana kila akiamka anaomba wasiongee.

Basi ikaja hii habari ya simu. Wateja walikuwa wanapiga, simu inalia hadi inachoka, kumbe mpokeaji yuko kidato cha kumi na tano. Hoteli moja iliyotaka viti vya ukumbini ilipiga mara nne, ya tano ikapiga kwingine. Fundi akasema yatosha, sasa wanunue mfumo wa simu za ndani, zinazotumia intaneti ileile ya ofisini, kila meza na simu yake. Mkasi alipopelekewa habari akasema ndivyo alivyokuwa anawaza. Mara ya kwanza wanakubaliana katika miaka mitatu, na wakakubaliana kuniharibia wifi yangu maisha. Kibaya zaidi, kazi ya kuchagua wakampa yeye, kwa kuwa ndiye anayejua mambo ya simu.

Akayaona yatakayotokea. Simu juu, simu chini, Fundi anabonyeza, dada yake anapokea, na yale ya macho na ya punda yanafika mazima mazima. Halafu mmoja anauliza, mbona jana uliniomba samahani? Uongo ungemwishia hapo hapo, na karakana, ambayo ni yao wawili, ingegawanywa kabla ya jioni.

Muuzaji wa kwanza alikuja na tai na kompyuta nyembamba. Alieleza kwamba mitambo yote itakaa huko mbali kwa kampuni yake, wao hawataona hata kisanduku, watalipia kila mwezi tu. Mama Ngazi akamuuliza akitaka kubadilisha kitu, nani ampigie nani, afanye nini. Kijana akasema apige kwa kampuni, abonyeze tatu, asubiri. Wifi yangu amewahi kusubiri namna hiyo, akasikiliza muziki mpaka akaujua. Akamshukuru, akamsindikiza hadi barabarani.

Wa pili alikuwa mwanamke mnene, mcheshi, mwenye bisibisi mfukoni kama wengine wanavyoweka kalamu. Yake ilikuwa ni kisanduku kidogo cha kukaa palepale ofisini, na mipangilio yake yote hapo hapo. Nani ampigie nani, simu ya mteja iende wapi, vyote unapanga mwenyewe. Mama Ngazi akavuta kiti karibu, akashusha sauti.

"Kuna namna ya kufanya wa chini asiweze kumpigia wa juu?"

Yule mama wa bisibisi alicheka mpaka akashika meza. Akasema yuko kwenye kazi hii mwaka wa kumi na moja, na hajawahi kuombwa simu isiyofika. Lakini inawezekana. Atafunga njia ya moja kwa moja, na kila simu ya ndani itapita kwanza mezani kwa Mama Ngazi. Wifi yangu akachagua hiyo siku ileile. Kwa wakubwa wake akasema ameipenda kwa sababu kisanduku kinakaa hapo hapo karakanani.

Siku ya kufunga, misumeno ilizimwa ili mama wa bisibisi apitishe waya. Ilipofika saa nne asubuhi taa za kijani zilikuwa zinapepesa. Akasema kabla hajafunga hiyo njia, lazima ajaribu kila simu kwa kila simu ahakikishe sauti inafika, na kwa kuwa Fundi ndiye aliyekuwa karibu, akamwomba abonyeze namba ya juu. Mama Ngazi anasema alitaka kuzuia, Fundi akawa ameshabonyeza.

Juu ikalia, ikapokewa.

"Nani mwenzangu?" akauliza Mkasi.

Fundi akaitazama simu, akawatazama maseremala walioacha kazi wote kuja kushuhudia, kisha akamnyooshea wifi yangu ile simu. "Muulize vitambaa vya kochi la kijani viko tayari lini."

"Mwambie kesho mchana," ikajibu dari.

Si simu. Ilikuwa dari. Mama Ngazi akaweka simu sikioni, humo kimya, Mkasi alishaiweka mezani. Sauti ilikuwa imeshuka katikati ya mbao za ghorofa, safi, mpaka na ule mkunjo wake wa mdomo. Hapo ndipo hesabu ilipomjia. Fundi alipokuwa akifoka, yeye alikuwa chini pamoja naye. Mkasi alipokuwa akijibu, yeye alikuwa juu pamoja naye. Katikati alikuwa nje, kwenye zege. Katika jengo lote, ni yeye peke yake ambaye hakujua kwamba sauti hupita kwenye mbao.

Akapanda ngazi mbio.

"Mama, huwa unayasikia ya chini?"

"Msumeno ukizimwa, yote."

"Hata yale ya macho?"

"Hata ya macho." Mkasi alikuwa anatunga uzi kwenye sindano, hakuinua kichwa. "Yake nayasikia. Kisha nasubiri ufike na yako. Hayo ndiyo nayafanyia kazi."

Wifi yangu akakaa juu ya gunia la sponji. Na kutoka chini, kupitia mbao, sauti ya Fundi ikapanda:

"Na mimi hivyo hivyo."

Mama wa bisibisi, maskini, hakuelewa kitu. Akaita kutoka chini aambiwe, ile njia afunge au asifunge? Wakubwa wawili wakajibu kwa pamoja, mmoja juu na mwingine chini, kwamba simu zipitie kwa Mama Ngazi. Yeye wakati huo alikuwa analia, wala hafichi, amenisimulia mwenyewe. Akajifuta kwa kipande cha kitambaa cha kochi la kijani, akamwambia mama wa bisibisi aache njia zote wazi. Yeye apewe simu za wateja.

Simu ya juu ikalia tena. Mkasi akaitazama ikilia mara tatu, ndipo akaipokea. Sauti ya Fundi ikaja mara mbili, kwenye simu na kwenye sakafu.

"Dada," alisema.

Neno hilo, kwa miaka mitatu, alikuwa akilitia wifi yangu mwenyewe njiani.