Mishipa ya Babu

Mimi si mtu wa kuchekacheka, watoto wangu wote wanajua. Lakini siku walipokuja kumposa binti yangu wa mwisho nilicheka mpaka kitenge kikalegea, nikakishika kwa mkono.

Mjukuu wangu wa darasa la nne alikuwa ametumwa na mwalimu akusanye majani, atazame mishipa yake, ile mistari iliyo ndani ya jani. Nikamwambia leo nina wageni, sina muda wa majani. Akaninyooshea jani la mhindi juani: mistari imenyooka kama imepigwa rula. La boga, wavu mtupu. La mbuni nililichuma mwenyewe. Nimechuma kahawa hapa Igamba tangu usichana, majani nikiyatazama kutafuta kutu tu, ule ugonjwa wa madoa. Kumbe yana mbavu, kulia na kushoto, zinapinda karibu na ukingo kama zimekatazwa kutoka. Nikachuma lingine, na lingine. Uji ukaungua.

Mahindi ni ya babu yake, maboga ni yangu, basi na majani akayaita ya babu na ya bibi.

Wageni wakafika kutoka Msangano, mjomba wa kijana na shangazi yake. Wakaketi. Posa kwetu haiendi mbio. Kwanza ukoo unachunguzwa, na kukiwa na ugonjwa wa kurithi, mgeni anaaga kwa adabu na harudi. Binti yangu yuko jikoni, hata sufuria haigongi.

Ndipo mjukuu akapaza sauti uani: "Bibi, mishipa ya babu imelala yote. Ya kwako ndiyo imevurugika."

Mume wangu alikuwa amekaa palepale. Na ukisema mzee ana mshipa, watu wanaelewa ngiri, ile ya kuvimba chini. Haitajwi mbele ya wakwe.

Mjomba akatazama sakafu. "Pole, mzee," akasema taratibu. "Na marehemu baba yako alikuwa nao?"

"Alikuwa na nini?"

Nikaona posa inatoka mlangoni. Nikamvuta mtoto ndani na majani yake, nikaliweka la mhindi kwenye mwanga wa dirisha.

"Babu ndiye huyu," nikasema. "Mimi ni boga."

Shangazi alianza kucheka kwa pua. Mume wangu, aliyeelewa mwisho, akauliza kama boga nalo limeshapelekwa hospitali. Hapo tukaisha kwa kicheko. Shangazi akataka kujua mgomba uko upande wa nani, tukatoka wote, watu wazima na nguo za posa, tukipasua jani la mgomba kufuata mistari yake. Likapasuka safi mpaka ukingoni. Habari ya ukoo hakuna aliyeirudia.

Tulipoketi tena mjomba akakohoa, akatafuta uso wa posa, akaukosa.

"Tulikuja kusema tumeona ua katika nyumba hii," akasema, "ila naona wenzetu mmeanza na majani."

Jikoni mfuniko ukaanguka, kisha nikamsikia binti yangu anacheka. Sikumkemea.