Siku Niliyoning'inia Miguu Juu Mbele ya Wazazi

Chekeni sasa hivi mmalize, maana nikianza kusimulia sitaki kukatishwa. Mimi hapa, mtu mzima mwenye ndevu zangu, niliwahi kuonekana na wazazi wa shule nzima nikiwa kichwa chini miguu juu, ndani ya suti ya bluu, na aliyenibinua ni mimi mwenyewe kwa vidole vyangu vitatu.

Nafundisha Jiografia kwenye sekondari moja njia ya kwenda Mtinko. Kompyuta nilikabidhiwa tu, kwa sababu siku zilipoletwa mimi ndiye niliyejua zinawashiwa wapi. Zilikuja sita, kuukuu lakini nzima, tukaziweka kwenye chumba kilichokuwa ghala la mahindi ya chakula cha mchana cha wanafunzi. Mahindi yakahamia kwenye korido ya ofisi, panya wakayafuata, na walipochoshwa na mahindi wakaja kututafunia nyaya za mausi (sijui waliona utamu gani), tukabaki na mausi moja nzima. Basi ikabidi mimi na wanafunzi tujifunze njia za mkato za kibodi, si kwa ujanja bali kwa shida: Ctrl na C unakili, Ctrl na V ubandike, Ctrl na Z urudishe ulichoharibu, Alt na Tab uruke kutoka kazi hii kwenda ile. Baada ya muda vidole vikazoea, watoto wakawa wepesi kuliko makarani wa mjini, na mimi kichwa kikaanza kuvimba.

Tatizo likawa wazazi. Mwenyekiti wa kamati yao, Mzee Jumanne, mkulima wa alizeti asiyependa maneno mengi, alikuwa anataka ghala lake. "Hatuzichukii kompyuta," alisema, "ila haziliwi." Madam Mkuu wa shule akaniita ofisini. "Mwalimu, kwenye kikao nakupa dakika kumi. Waonyeshe hizo mashine zina faida gani. Wakitoka hawajaelewa, mahindi yanarudi na kompyuta zinaenda kufungiwa stoo na majembe." Niliumia jamani, maana nilikuwa nimeshazipenda zile kompyuta, na nilikuwa na wanafunzi ambao walikuwa wanawahi shule kwa ajili yake tu.

Asubuhi ya kikao, nikiwa nakunywa chai, nikafungua kwenye simu ukurasa wa njia za mkato ili nitafute la kuwashangazia wazazi. Nikashuka nao taratibu mpaka ya mwisho kabisa, imeandikwa shika Ctrl na Alt kwa pamoja halafu bonyeza mshale wa chini, na matokeo yake ni... bando likakata. Mtu mwenye akili angeiacha hiyo. Mimi nikasema moyoni, kama wameiweka mwisho basi ndiyo tamu kuliko zote, hii nitafungia nayo.

Darasa lilijaa. Madam alikuwa ameleta runinga yake kutoka nyumbani (kubwa, bado ina nailoni kwenye kona), nikaiunganisha na kompyuta moja ili kila mtu aone. Nikawaamkia wazee, shikamooni, wakaitika marahaba, kisha nikachomoa mausi mbele yao nikaitia mfukoni kwa madaha. "Leo sihitaji hii," nikasema. Nikaandika, nikanakili, nikabandika, nikafuta nikarudisha, akina mama wakaguna kwa mshangao, mimi nikazidi kupanda. Nikabonyeza kitufe chenye alama ya dirisha pamoja na D, kazi zote zikajificha mara moja, ikabaki picha ya nyuma ya skrini, ambayo (nilijua fika itaonekana, nisidanganye) ilikuwa yangu mimi nikiwa mpambe wa bwana harusi, suti ya bluu, mkono kiunoni. Wakanishangilia. Hapo ndipo nikakumbuka ile ya mwisho, nikashika Ctrl, nikashika Alt, nikabonyeza mshale wa chini.

Skrini ikawa nyeusi kidogo, halafu nikatokea nimening'inia. Viatu juu, kichwa chini, mkono bado kiunoni.

Darasa zima likaanza kuinamisha shingo. Mama mmoja wa mbele akauliza kwa upole kabisa, "Mwalimu, huyo si wewe?"

"Ni mimi, mama."

"Sasa mbona uko hivyo?"

Nikachomoa mausi mfukoni, nikaichomeka, kumbe skrini ikishapinduka na mausi nayo inapinduka, ukivuta kulia kishale kinakwenda kushoto, ukipandisha kinashuka. Nikahangaika pale kama mtu anayefukuza inzi, na kicheko kikaanza nyuma kikaja mbele. Hapo akasimama Baba Rehema, mpakiaji wa magunia kwenye mashine ya kukamua alizeti, mtu wa kifua. "Hii siyo kazi ya kubonyeza," akasema, "hii ni ya kubinua." Kabla sijajibu ameshaikumbatia runinga.

"Jamani, runinga yangu!" Madam akapiga kelele.

Akaigeuza juu chini, na kweli, picha ikasimama wima, watu wakapiga makofi. Lakini runinga iliyobinuliwa haina miguu ya kusimamia, kwa hiyo lazima ishikwe, na kwa jinsi Madam alivyokuwa ananitazama nikaenda mbio kushika upande wa pili. Sasa kibodi haina mtu. Aliyekuwa karibu nayo kuliko wote ni Mzee Jumanne.

"Mzee wangu," nikamwambia, "naomba ukae hapo unisaidie, mimi nitakutajia."

"Mimi?" Akatazama kushoto na kulia, akavua kofia, akafuta viganja kwenye suruali, akakaa.

"Shika kitufe cha Ctrl, kile cha chini kabisa kushoto."

"Nimekikamata."

"Usikiachie. Kidole kingine shika Alt. Haya, bonyeza mshale wa juu."

Akabonyeza kwa nguvu zote. Picha ikageuka kama ilivyopaswa, ila runinga yenyewe ilikuwa bado juu chini mikononi mwetu, na mimi niliyekuwa nyuma yake sikuona kitu. "Imekaa sawa?" nikauliza.

"Bado unaning'inia!" wakaitikia kwa pamoja, na hapo watu hawakujiweza tena, kuna mama alilalia bega la jirani yake anafuta machozi kwa khanga. Tukaigeuza runinga, tukaiweka mezani taratibu, nikawa mtu tena.

Nikasubiri Mzee Jumanne ainuke. Hakuinuka. "Nyingine," akasema.

Nikamrudisha kwenye ukurasa wa kuandikia, nikamwambia aandike jina lake. Akalitafuta herufi moja moja, watu wanamsaidia kwa sauti. Nikamwonyesha Ctrl na A, kisha kufuta, jina likapotea, akaruka kwenye kiti. "Nimeharibu mali ya shule!" Ctrl na Z, jina likarudi. Akalifuta tena na kulirudisha, peke yake safari hii. Mwisho nikamwambia ashike kile kitufe chenye dirisha pamoja na cha kujumlisha. Herufi zikakua, zikakua tena, mpaka jina lake likaijaza runinga yote. Mzee akalitazama sana. "Hili nalisoma bila miwani," akasema polepole. Dakika zangu kumi zikaisha bila mtu kuziuliza, maana wazee wenzake walikuwa wameshapanga foleni.

Kikao kilipotulia akasimama. "Chumba kinabaki cha kompyuta." Nikashusha pumzi, nusura nilie. "Lakini mahindi koridoni hapana. Mwalimu huyu anakaa nyumba ya shule, peke yake, na sebule anayo. Wanaokubali?"

Mikono yote ikanyooka, wa Madam wa kwanza. Na wangu nikaunyoosha, ningefanyaje.

Nimeapa, mbele ya watu sibonyezi tena kitu ambacho sijakijaribu mwenyewe nikiwa nimefunga mlango. Siku hizi sebule yangu ina magunia mpaka dirishani, wageni wangu wanakaa juu yake, na panya nimewazoea kwa sauti. Alfajiri wapishi wa makande wanabisha hodi, nafungua nimejifunga shuka, wanachota mahindi yao kando ya kochi langu, nami nawaambia chukueni tu, chukueni, ilimradi kile chumba kingine msikiguse.