Aliyetembea Nami Ndotoni

Iko siku moja, mwanangu, ambayo nikiikumbuka naogopa hadi leo, nami ni bibi kizee wa Mlabani ambaye wengi mnadhani hana tena cha kumtisha. Jana ulinijia na simu yako ukanisikilizisha sauti ya binti mmoja wa ukoo wetu. Alikuwa anaeleza jinsi alivyoota bibi wa jirani amemkalia kifuani, akamtaja kwa jina, na watu wa kundi lenu la simu wakawa wanamjibu kwamba hata wao walikuwa wanamhisi. Nilikurudishia simu yako, ukafikiri sijasikia vizuri. Nilisikia. Nilikuwa natafuta pa kuanzia.

Naanzia Mahenge, nilikokulia. Nilipokuwa msichana nilipelekwa misheni kujifunza kushona. Aliyetufundisha alikuwa mtawa mzee wa Kizungu, Sista Adelina, aliyekaa kwetu miaka mingi hata Kipogoro chake kikawa cha kizee kuliko chetu, tukawa tunamcheka. Mchana mmoja uzi uliisha, cherehani zikasimama, tukaanza kusimuliana ndoto. Mmoja alikuwa ameruka juu ya paa la kanisa. Mwingine alikwenda kwa babu yake marehemu, akapewa ugali akaukataa, maana chakula cha wafu hakiliwi. Tukamgeukia Sista tukamuuliza kwa utani kama Wazungu nao huota, au hulala tu kama magogo.

Hakucheka. Alituambia kwamba huko kwao milimani, zamani za mababu wa mababu zake, watu waliamini kuwa mtu akilala roho yake inaweza kutoka ikasafiri. Wanawake wengine walisema hujipaka mafuta ya majani, wakalala kama wafu, na roho zao zikaenda na upepo kwenye karamu ya bibi mmoja wa usiku. Roho ilitoka mdomoni kama panya mdogo au nzi, kwa hiyo mtu aliyelala hivyo hakugeuzwa, roho isije ikakosa mlango wa kurudia. Walikuwepo pia wengine, waliozaliwa na utando wa uzazi usoni. Hao walisema kwamba majira fulani ya mwaka huitwa usingizini kwenda kupigania mazao ya kijiji. Wao hushika matawi ya mmea unaonukia, na wachawi hushika mabua ya mtama. Wakishinda, ghala zinajaa. Wakishindwa, ni njaa.

Tulifurahi kusikia mtama, maana mtama tuliujua. Tukamuuliza ikawaje. Akasema watu wale walizisimulia ndoto zao kwa kujivunia, kama mlinzi anavyoeleza alivyofukuza nguruwe shambani, mpaka wakubwa wa dini na wa serikali wakaanza kuwahoji. Ulikwenda wapi? Ulikwenda na nani? Wakahojiwa hadi wenyewe wasijue tena kama walikuwa walinzi au wachawi. Wengine wakakubali kila walichoambiwa ili waachwe wapumzike, na waliokubali wakadaiwa majina. Majina wakayatoa, kwani ndotoni jirani hakosekani. Huko na huko katika nchi zile, wanawake wengi sana walichomwa moto.

"Watu wangu hawakufa kwa kuota, binti zangu," alisema. "Walikufa kwa kuulizwa walikuwa na nani."

Kisha akatukataza kabisa kumsimulia ndoto mtu mwenye hofu. Mimi nikaona hayo ni mambo ya Ulaya, ya watu wa baridi. Yaliingia sikio hili yakatokea lile.

Baadaye nikaolewa Kisawasawa na Kasiani, kijana mvuvi, ambaye wakati wa msimu alikuwa akihamia kambini mtoni. Mimi nilibaki shambani na mama mkwe wangu, pamoja na mke wa shemeji yangu mkubwa, ambaye tulimwita Mama Yusta kwa jina la binti yake mdogo. Tulikuwa tunaamia ndege. Nyinyi wa siku hizi mnaona mchele tu kwenye mfuko, hamjui kwamba mpunga ukianza kutoa masuke ndege hawampi mtu nafasi ya kukaa. Tangu alfajiri unapiga kelele, unavuta kamba za makopo, unarusha udongo kwa kombeo. Ukilala, masikio yanaendelea kuwasikia.

Basi nikaota. Niliota natembea juu ya maji ya mashamba yaliyofurika, miguu haizami, nimeshika masuke mikononi nafukuza ndege, shamba hata shamba. Kando yangu alitembea bibi mmoja mjane wa pale kijijini, mzee mpole ambaye alikuwa ananiletea samaki mume wangu alipochelewa kurudi. Hatukusemezana. Niliamka na furaha kubwa, na asubuhi tukiwa tunapepeta mchele nikaisimulia. Nikasema nilikuwa na mzee mmoja. Kabla sijalitaja jina, Yusta aliangusha sufuria, mama yake akainuka kumkemea, na maneno yakahamia kwenye sufuria. Usidhani ilikuwa busara yangu. Ilikuwa sufuria.

Juma lile ndege walihama shamba letu wakaangukia la shemeji. Wakalikwangua. Na mpunga ukiwa bado unaliliwa, Yusta akashikwa na homa, kisha degedege. Mwili unakakamaa, macho yanageuka juu, povu mdomoni. Mimi nilikuwa shambani, sijui lolote. Nikaitwa nyumbani.

Niliwakuta wamekaa uani, baba mkwe, mama mkwe na shemeji. Hata Kasiani alikuwepo, ametolewa kambini kwa ajili yangu, na aliponiona akaangalia vidole vya miguu yake. Niliwaamkia, wakaniitikia kwa taabu. Mlango wa nyumba ulikuwa wazi, na ndani nilimsikia mtoto akikoroma koo kama kuku aliyebanwa.

Mama mkwe ndiye aliyeanza. Alisema lisemwalo lipo, na hili nilikuwa nimelisema mwenyewe kwa kinywa changu. Nilikwenda usiku mashambani bila kuzama. Nilikuwa na mwenzangu. Ndege wa kwangu tuliwafukuza wakaenda kwa shemeji, na sasa tulikuwa tumerudi kumchukua mtoto. Wewe unaweza kucheka, mwanangu, lakini pale uani kila kitu kiliingia mahali pake sawasawa. Mimi mwenyewe, nikimsikiliza, nilianza kujiogopa. Niliangalia nyayo zangu nikajiuliza, je, kama kweli nilikwenda?

Wala hawakuwa watu wabaya. Mama mkwe alikuwa analia huku anaongea, kwa sababu alimpenda mjukuu wake kuliko macho yake. Hofu ndiyo iliyokuwa inazungumza.

Wakaniambia njia ipo. Ng'ambo ya mto, upande wa Ulanga, alikuwepo mganga aliyekuwa akinyoa watu. Mtu akituhumiwa hupelekwa kwake, hunyolewa nywele zote za mwilini, hunyweshwa dawa, na inasemekana kuanzia hapo uchawi haumshiki tena. Anarudi nyumbani, anakula na wenzake. Kwa kusikia ni jambo jepesi. Lakini aliyenyolewa hasahauliki. Miaka itapita, ng'ombe wa mtu atakufa, na macho yote yatatafuta kile kichwa.

Kasiani akanivuta pembeni. Akaninong'oneza, "Kubali, Leokadia. Nywele zitaota." Neno lile liliniumiza kuliko yote niliyosikia siku ile, na nilichukua miaka kumsamehe.

Tuliporudi, mama mkwe alikuwa amebadilisha sauti. Akanishika mkono. Akaniambia wewe ni mtoto, hukuyaanza wewe, aliyekufundisha ni yule mzee. Mficha maradhi kifo humuumbua. Mtaje tu, sisi tutakusamehe, hata kunyolewa pengine hutanyolewa.

Mwanangu, jina lilikuwa kwenye ncha ya ulimi. Sikudanganyi. Nilikuwa mgeni katika mji wa watu, mume ameniacha mkono, na mbele yangu mlango wa kutokea umefunguliwa. Nilitakiwa kusema neno moja tu. Yule bibi alikuwa mjane, watoto wake wako mbali Mlimba, hana wa kumsemea. Wangemfuata jioni ileile, na vijana wa kule wakishaingiwa na hasira huwa hawangoji mganga. Nikafungua mdomo. Hapo ndipo nilipolitambua lile swali. Ulikuwa na nani? Ni swali lilelile walilowauliza wale Wazungu wa milimani, tena kwa upole uleule. Nikaufunga mdomo.

Sikubishana nao kwamba ndoto ni ndoto. Nani angenisikiliza? Nikawapita wazee, na hilo lilikuwa kosa la adabu, nikasema na Mama Yusta, ambaye alikuwa amesimama mlangoni na kitambaa kibichi mkononi.

"Mama Yusta, tuseme ni mimi niliyemshika," nikamwambia. "Basi nichukueni mimi na mtoto pamoja, twende hospitali Ifakara. Akipona, nimemwachia. Akifa, nitakuwa mikononi mwenu, mnifanye mnavyotaka. Lakini hapa mnaniuliza mimi, na yeye anaungua."

Mama mkwe akapiga kelele kwamba degedege na sindano havikutani, kwamba mtoto wa degedege akichomwa sindano anakufa palepale. Kila mtu aliliamini hilo wakati ule, hata mimi nililiamini nusu. Kwa hiyo nilikuwa nimeweka shingo yangu juu ya jambo nisilokuwa na hakika nalo. Shemeji akamwambia mke wake asithubutu.

Mama Yusta aliingia ndani. Alipotoka alikuwa amembeba mtoto ndani ya kanga. Akapita katikati yao, akafika mbele yangu, akaniangalia kwa macho ambayo sikujua yana nini ndani yake.

"Mchawi au si mchawi," alisema, "inuka tuondoke."

Tulisimama barabarani jua likiwa kali, tukapata lori la mpunga. Tulikaa juu ya magunia. Tulipopita Kiberege mtoto akakakamaa tena, na mama yake, aliyekuwa amembeba tangu nyumbani, mikono ikamlegea. Akageuka upande huu, akageuka upande ule. Kisha akaniwekea mtoto mapajani mwangu. Mimi ndiye niliyekuwa natuhumiwa kumla, na mimi ndiye aliyenipa nimshike. Hapo ndipo nilipolia, na nikambana yule mtoto kama ninamzuia asiruke.

Hospitali walisema ni malaria iliyopanda kichwani, na kwamba tungechelewa kidogo tu tungerudi na maiti. Alichomwa sindano. Hakufa. Siku mtoto alipoomba uji, Mama Yusta alimnywesha yeye, kisha kikombe kilichobaki akanipa mimi.

Usifikiri tuliporudi tulipigiwa vigelegele. Habari ya kunyolewa ilikufa taratibu, kwa sababu mtoto alikuwa hai na hakuna aliyetaka kuianza upya. Lakini kila Yusta alipokohoa niliona macho yakinipitia. Na swali halikuisha. Mama mkwe alilirudia mara nyingi, kwa kunibembeleza na kwa kununa. Hata Mama Yusta, aliyekuwa dada yangu kuliko dada zangu, aliniuliza siku moja tukifua, nikamwambia nimesahau. Alijua namdanganya, akakasirika kidogo.

Yule bibi aliendelea kuniletea samaki. Hakujua kamwe jinsi alivyokaribia kutajwa. Alizeeka, macho yakawa mekundu kwa moshi wa jikoni, macho ambayo katika bonde letu yamewaua wazee wengi, na alifariki kitandani kwake amepakwa mafuta matakatifu. Mama mkwe wangu alikuwa mmoja wa waliomwosha. Alimwosha kwa upendo, akamlilia, akasema kijiji kimepoteza mtu mwema. Mimi nilikuwa nimeshika ndoo ya maji, namwangalia anavyomfuta uso yule aliyekuwa akimtafuta miaka yote ile.

Sasa sikia, maana hili ndilo nililokuitia. Ndoto ni ya aliyelala. Ukiota mtu amekukalia kifuani, amka, kunywa maji, sali, geukia upande mwingine ulale. Mwili uliochoka na moyo wenye hofu huchukua sura yoyote iliyo karibu, na sura iliyo karibu ni ya jirani. Usimfanye aliyelala nyumbani kwake awe shahidi au mshitakiwa wa usingizi wako. Wahenga walisema heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi, na wao hawakuwa na simu hizi, ambazo mmoja akijikwaa ulimi ukoo mzima unaanguka. Wanasema pia kuuliza si ujinga. Ni kweli, lakini kuna kuuliza kunakoua, na ukisikia kuuliza huko uondoke, au ubadilishe maneno, au uangushe sufuria. Mgonjwa akiwepo, apelekwe hospitali kwanza. Mgonjwa akishapona ndipo mtafuteni mchawi, kama bado mtakuwa na hamu. Na yule binti umpigie leo. Afute maneno yake, kisha aende kwa huyo bibi mchana, mbele ya watu, ampe shikamoo yake.

Naona unataka kuniuliza, mwanangu, kama wote walivyoniuliza. Wajukuu wa yule mzee wapo, na mmoja wao umesoma naye. Sitamtaja. Siku nikifa mtanizika nalo jina hilo, na litakuwa salama. Mungu akupe usingizi mwepesi na ulimi mzito, na uzeeke katikati ya watu wasiokuogopa.