Maiki Chini ya Machungwa

Glenys Prosser alikuwa na sauti mbili. Ya kwanza ilikuwa ya kila siku, ile aliyoitumia miaka thelathini na mmoja kuwafokea watoto kwenye foleni ya chakula cha shule huko Llanelli, Welisi. Ya pili ilikuwa ya redioni, laini na ya taratibu, na aliifanyia mazoezi chooni mlango ukiwa umefungwa.

Kila baridi yeye na mumewe Merfyn waliifunga boti yao ya matanga, Gwennol, kwenye gati la mji mdogo wa machungwa kusini mwa Uturuki. Si wao peke yao. Boti ishirini na nane zilikuwa na watu ndani: Wajerumani, Waholanzi, Waingereza, wastaafu waliouza nyumba na makochi yao wakahamia kwenye kijumba kinachoelea, upana wake kama jiko. Kiangazi walitawanyika visiwani. Theluji ikishika vilele vya milima nyuma ya mji, walirudi wote wakabanana ubavu kwa ubavu, na hapo ndipo maisha yenyewe yalipoanza. Mazoezi ya viungo Jumatatu, karata Jumatano, mhadhara Ijumaa, nyama choma Jumapili. Shughuli zilikuwa nyingi hata watu wengine hawakupata tena nafasi ya kusafiri. Gwennol haikuwa imesogea mwaka mmoja na miezi saba.

Saa mbili na nusu kila asubuhi, boti zote zilifungua redio ya upepo, ile ya kuzungumziana boti kwa boti, kusikiliza habari za gati: hali ya hewa, nani kafika, nani anagawa kamba kuukuu, nani anatafuta fundi wa pampu. Usomaji ulikuwa wa zamu, wiki kwa wiki, na wiki ile ya Februari zamu ilikuwa ya Glenys.

Jumanne alisoma vizuri kupita kiasi. Alitangaza upepo wa kusini, akawakaribisha wageni wawili kutoka Denmaki, akataja na mhadhara wa Ijumaa, ambao kila mwaka ulikuwa wake mwenyewe: "Namna ya Kukabili Dhoruba: Usiku Wetu Katika Ghuba ya Biskei," ile ghuba ya mawimbi makali magharibi mwa Ufaransa. Kisha akawatakia watu siku njema, akaiweka maiki kwenye kochi, akashusha pumzi.

Merfyn alikuwa ndiyo kwanza anarudi kutoka sokoni. Alikuwa na kilo sita za machungwa, na ndani ya boti hakuna mahali pa kuweka kilo sita za kitu chochote. Akautua mfuko kochini, juu ya maiki, na kitufe cha kuongelea kikabanwa pale chini kama kimepigwa msumari.

"Nimechoka mie," alisema Glenys, kwa ile sauti yake ya kwanza. "Na Jumapili ndiyo hiyo inakuja. Tutaletewa tena saladi ya viazi ya Hartmut."

Merfyn aliguna. Alikuwa mtu wa kuguna.

"Saladi gani ile, Merfyn? Ile unapigia lipu ukuta! Mwaka jana kipande kilianguka hapa sakafuni, nimekikwangua kwa patasi. Na ukisema hutaki, Hartmut anakutazama kama mbwa aliyefungiwa nje."

"Mm."

"Halafu Joost na kodiani lake. Mbuzi anayepitishwa dirishani kwa nguvu ana sauti nzuri kuliko ile."

Alimwaga chai, akakata mkate, akaendelea. Alimpitia mama wa Kiingereza mwenye paka watatu. Alipitia suruali za Joost. Kisha akasema jambo ambalo hakuwahi kulisema kwa sauti tangu wafike.

"Ijumaa hii inaninyima usingizi, mume wangu. Nitasimama pale nieleze mawimbi ya Biskei, na Biskei yenyewe sijaiona. Boti ilikuja kwa lori mpaka kusini mwa Ufaransa. Mimi na wewe tulikuja kwa treni, tukala mayai ya kuchemsha."

"Mayai yalikuwa mazuri," alisema Merfyn.

"Na bahari naiogopa. Naiogopa hata hapa, imefungwa kamba."

Dakika arobaini ziliisha hivyo. Ndipo ubavu wa boti ukagongwa. Alikuwa Cevdet, mfanyakazi wa gati aliyepokea kamba za kila mtu, amekuja mbio na koti limefungwa vifungo kombo.

"Dada Glenys," alisema, akitazama viatu vyake. "Samahani sana, dada. Ile maiki."

"Maiki imefanya nini?"

"Inasema."

Glenys aligeuka akautazama mfuko wa machungwa. Aliuinua taratibu, kama mtu anayefunua sufuria anayojua imeungua. Redio ikatoa mlio mdogo, na hapo hapo sauti ya mama mwenye paka ikapasua: "Afadhali! Tulitaka kujua mayai yalikuwa mangapi!"

"Cevdet, ni nani waliosikia?"

"Wachache tu, dada."

"Akina nani?"

"Boti zote. Na ofisini. Na askari wa pwani, lakini yule alikuja kunywa chai tu." Akafikiri kidogo, kisha akaongeza kwa huruma, "Alicheka kwa adabu."

Glenys alikaa kochini akakauka. Alijiona akipita gatini kwenda bafuni na taulo begani, mbele ya boti ishirini na nane, na akaona heri afe.

"Merfyn, washa injini."

"Tunakwenda wapi?"

"Ugiriki."

"Nguo zimeanikwa."

"Zitakaukia Ugiriki!"

Ukimwona mtu anataka kuondoa boti gatini, unashika kamba yake. Wakazi wa botini hawawezi kujizuia; ni kama kumwambia mtu afya akipiga chafya. Kwa hiyo Glenys alipotoka nje, uso chini, akianza kufungua kamba asiwatazame watu, watu walikuwa wameshafika. Joost alishika kamba ya kulia. Mama mwenye paka alipokea vyungu vya maua. Mdenmaki aliyefika juzi, ambaye hakumjua mtu, alibeba baiskeli.

"Pole pole, Glenys," alisema Joost kwa upole. "Upepo unatoka kusini. Ulitangaza mwenyewe."

"Najua!"

"Nikupigie kodiani la kukuaga?"

Hartmut peke yake hakushika kitu. Alisimama kwenye boti yake, iliyopakana na Gwennol, mrefu, ndevu nyeupe, mikono kifuani. Alikuwa amefanya kazi ya kupima madaraja maisha yake yote, na alimtazama Glenys kama daraja lenye ufa.

Injini ilikohoa ikawaka. Merfyn akashika usukani. Gwennol ilisogea mbele mita moja, mbili, tatu, halafu ikasita. Pangaboi chini ya maji lilikuwa limeota kome miezi kumi na tisa, likawa linazunguka kama mwiko kwenye uji. Na nyuma, kebo ya umeme ilikuwa imeinuka majini, imekaza kama kamba ya kuanikia.

Hartmut alivumilia mpaka akashindwa. "Kebo!" alipiga kelele. "Umesahau kebo ya umeme, mwanamke!"

Cevdet aliruka akaichomoa. Upepo wa kusini ulifanya kazi yake: uliikamata Gwennol ubavuni, ukaigeuza kombo na kuileta, taratibu na bila ubishi, mpaka ikaegemea boti ya Hartmut. Glenys alikuwa amesimama nje ameshika nguzo. Boti ziliposimama, pua yake na ndevu za Hartmut hazikuachana hata nusu mita. Kati yao kulikuwa na pira la kuzuia boti zisigongane tu, ambalo Hartmut alikuwa amelichomeka kwa wakati, kwa mazoea.

"Habari za asubuhi, Hartmut," alisema Glenys.

"Lipu?" alisema Hartmut.

"Nisikilize kwanza. Lile la Biskei, naomba radhi. Niliwadanganya wote miaka mitano, na…"

"Biskei!" Hartmut alipunga mkono. "Nani ana haja na Biskei? Mwaka wa kwanza mawimbi yalikuwa mita nne. Mwaka juzi sita. Mwaka jana yalifika kumi na moja. Yanakua kila mwaka kama mtoto wa shule. Mimi nimepima vitu miaka thelathini na nane, Glenys, unadhani sihesabu?"

"Mlijua?"

"Sote tulijua," alisema Joost kutoka gatini. "Tulikuwa tunashindania mwaka huu yatafika ngapi. Mimi nilisema kumi na nne."

"Mbona mlikuwa mnakuja kunisikiliza?"

"Unasimulia vizuri. Na kuna biskuti."

"Lori si kitu!" Hartmut alirudi kwenye lake, na sasa sauti ilimtetemeka. "Lakini saladi ile, mama! Saladi ile ni mapishi ya mama mkwe wangu! Umeikwangua kwa patasi?"

Glenys hakuwa na pa kuuweka uso. Alitazama kulia, akatazama kushoto, akamwona Roswitha, mke wa Hartmut, amechomoza kichwa mlangoni nyuma ya mumewe. Alikuwa ameshika mdomo kwa viganja viwili na machozi yanamtiririka, na mabega yanaruka. Ilimchukua Glenys muda kuelewa kwamba halii.

"Kama wewe ndiye mpishi," alisema Hartmut, "Jumapili upike. Tule, tuone."

"Nitapika," alisema Glenys, maana boti yake bado ilikuwa imelalia ya mwenzake.

Wanaume sita waliivuta Gwennol kwa mkono mpaka mahali pake. Safari ya Ugiriki ilichukua dakika kumi na nane.

Jioni ile Roswitha alikuja na chupa ya mvinyo chini ya koti. Alikaa, akanywa glasi moja kwa mkupuo, akamshika Glenys mkono. "Miaka ishirini na sita naila saladi ile," alinong'ona. "Mama yangu mwenyewe, mwenye mapishi, ya Hartmut aliila kwa adabu tu. Alikuwa anamwogopa Hartmut. Usimwambie."

Ijumaa Glenys aliingia ukumbi wa gati. Viti havikutosha, watu walisimama mpaka mlangoni, na yule askari wa pwani alikuwepo. Alifuta kichwa cha mhadhara ubaoni, akaandika kipya: "Namna ya Kupakia Boti Kwenye Lori." Akaeleza mlingoti unalazwaje, mikanda inapita wapi, dereva apewe chai saa ngapi. Alieleza alivyolia barabarani alipoiona boti yake inapita chini ya daraja ikibakisha kiasi cha kidole. Watu walikuwa wanaandika. Watu watatu walimfuata baadaye kumwomba namba ya simu ya mwenye lori, wakimvuta pembeni na kusema kwa sauti ya chini ni kwa ajili ya rafiki. Hartmut aliuliza maswali manne, yote ya daraja.

Jumapili ikawa balaa la namna nyingine. Glenys aliamua kupika mchuzi wa kwao, kondoo na liki, kile kitunguu kirefu cha majani, maana liki za soko lile wakati wa baridi ni nene kama mkono wa mtu. Lakini maisha yake yote alikuwa amepikia watoto mia nne. Mkono wake haukujua kipimo kingine. Alimtuma Merfyn sokoni mara tano. Sufuria mbili aliazima mgahawani, ya tatu Cevdet aliitoa kwa shemeji yake mwenye ukumbi wa harusi, na hiyo haikupita mlango wa boti, ikabidi ipikiwe gatini juu ya kuni za michungwa, huku Glenys akikoroga kwa kasia.

Watu wapatao hamsini walikula. Walirudia, wakarudia tena. Cevdet alileta mkewe, mama yake na majirani. Paka wa gati walilala chali. Mchuzi haukufika nusu.

Hartmut alikula sahani mbili, akifuta ndevu kila baada ya kijiko. Watu walisubiri. Glenys alikuwa amelishika lile kasia kama bunduki.

"Unahitaji siki," alisema mwishowe.

"Siki?"

"Kidogo. Lakini," akainua kijiko, "ni mchuzi."

Halafu akainuka, akaenda botini kwake, akarudi na bakuli. Lilikuwa kubwa kuliko la siku zote. Katikati ya saladi alikuwa amechomeka kibendera cha karatasi, na kwenye kibendera ameandika kwa herufi zake nadhifu za mhandisi: LIPU. Hakutabasamu. Alilitua mezani, akasimama kando, mikono kifuani.

Kicheko kilichoanza hapo kilisikika mpaka kituo cha mafuta. Kila mtu alitaka kuonja lipu. Mdenmaki alipiga picha. Joost alikula mara tatu akadai meno yake yameziba vizuri. Glenys mwenyewe alijipakulia kijiko kikubwa mbele ya macho yote, akatafuna muda mrefu, akameza kwa msaada wa chai.

"Je?" alisema Hartmut.

"Mama mkwe wako," alisema Glenys, "alikuwa mwanamke jasiri."

Hartmut aliinamisha kichwa, kama amepewa nishani. Bakuli lilibaki tupu, na mara ya mwisho hilo kutokea hakuna aliyeikumbuka.

Roswitha alilitazama lile bakuli tupu, akaacha kucheka. "Glenys," alisema pole pole, "unaona ulichofanya? Sasa atatengeneza mara mbili."

Walikula mchuzi wa kondoo mpaka Alhamisi. Wiki iliyofuata Glenys alikwenda ofisini kusaini mkataba wa baridi nyingine. Karani alimuuliza, kwa kuwa fomu inauliza, kama wanategemea kusafiri kabla ya Oktoba.

"Andika hapana," alisema Glenys, kwa sauti ile ya redioni, na akaenda kucheza karata.