Maji ya Jumapili

Nakumbuka Jumapili fulani nilivyojifanya mgonjwa nikabaki nyumbani, na hadi leo, uzee wote huu, nikisikia kengele ya kanisa naona aibu. Kaa hapa, mwanangu. Weka hiyo simu chini, haitakimbia.

Ilikuwa miaka ile ya ruksa, biashara zimefunguliwa, mitumba imejaa mjini, na wanunuzi wa mboga wanatoka Dar na pikapu zao, wanapita Msamvu, wanatufuata huku huku Uluguru. Mimi ndio nimeolewa juzi juzi. Mama yangu mkubwa, dada yake mama, alinipa kipande cha bustani juu ya kwake, maana kwetu ardhi hufuata upande wa mama. Nikapanda kabichi. Mnunuzi mmoja akaniambia akizikuta kubwa atazichukua zote, na mimi nilitamani mno nyumba ya bati. Kabichi zile nilizitazama kuliko nilivyomtazama mume wangu, Mungu anisamehe.

Sasa, mfereji wetu ulikuwa na zamu. Siku sita ni za wenye nguvu. Jumapili, sisi tukipanda mlima kwenda misa, maji yaliachiwa wasioweza kuupanda. Kwetu alikuwa Mama Mkubwa peke yake, goti limemshinda, hata ndoo habebi. Hakuna aliyeiandika sheria hiyo, tuliikuta.

Jua lilikuwa kali na zamu yangu bado mbali. Nikamwambia mume wangu nina homa. Watu walipokwisha kupita nikashika jembe, nikauziba mfereji kwa udongo na vipande vya mgomba, maji yote yakageukia kwangu. Nikajiambia Mama Mkubwa atadhani ni kiangazi tu. Jumapili ya pili nikafanya vile vile. Ya tatu, hata homa yenyewe sikuisingizia vizuri.

Siku hiyo ya tatu nikasikia fimbo kwenye mawe. Mama Mkubwa alikuwa ameufuata mfereji mkavu kutoka kwake, mlima wote ule, na goti lile. Akanikuta na jembe mkononi, tope hadi magotini. Nilisahau hata kumwamkia.

"Pole na homa, mwanangu," akasema.

Nikalia. Nikaanza kumweleza habari za bati na mnunuzi. Akaniacha nimalize, akaketi kwenye tuta.

"Miche yangu imekauka, lakini miche nitaotesha mingine," akasema. "Mimi kanisani sifiki. Maji yakiingia bustanini kwangu, najua mmeshafika na mmenikumbuka huko. Hiyo ndiyo misa yangu. Jumapili tatu hizi nimekaa mlangoni nikifikiri mmenisahau."

Angenitukana ningepata nafuu. Nikautoa udongo ule kwa mikono, jembe niliona linachelewa. Tukayatazama maji yakishuka, na yalipofika kwenye migomba yake akafanya ishara ya msalaba. Wiki ile nikaenda kuungama.

Na kabichi zangu, unauliza? Zilipasuka. Kabichi iliyokomaa ukiimwagia maji kwa pupa hupasuka kichwa. Mnunuzi alizigeuza geuza, akaondoka na za jirani. Zangu tulizila na Mama Mkubwa, akinicheka kila tonge. Miche mipya nilimwotesha mimi, na tangu hapo kila Jumapili, kabla ya misa, nilipita mferejini nikahakikisha maji yanashuka kwake. Bati lilikuja miaka iliyofuata, wala halikuchelewa sana.

Sasa bustani ile nimekupa wewe, mwanangu, nawe uko juu yangu mferejini. Mungu akikupa kitu, mara nyingi kinapita kwako kikielekea kwa mwingine. Nywesha chako, ushibe, kisha fungua. Wala usipige magoti kuomba huku umemzibia mtu chini yako, maana atakayekuwa anakungoja humwoni, na hatapiga kelele.

Leo Jumamosi. Kesho, kabla hujapanda kwenda misa, pitia mferejini. Mimi sasa ndiye niliye mahali pa Mama Mkubwa, goti langu nalo limechoka, nitakuwa mlangoni nasikiliza. Yakifika nitakutaja kwa jina, nimwombe Mungu akupe maji ya kutosha maisha yako yote, wewe na watoto utakaowazaa, na asikukoseshe kamwe mtu wa kumpitishia.