Niliandika kwamba mama alitunyamazia mwaka mzima

Admin, nifiche jina tafadhali, watu wa kwetu wako humu.

Mimi ni msichana wa miaka 27, nafundisha Kitale, nyumbani ni Kamukuywa. Ndoto yangu ni kusomea saikolojia, shahada ya uzamili. Chuo kilitaka insha ya maisha yangu, nieleze kilichonisukuma kutaka kazi ya kusikiliza watu. Nilikaa pale saiba, mbele ya kompyuta ya kukodi, nikaona sina cha kuandika. Baba alikufa nikiwa mdogo, ndiyo, lakini mama alitulea kwa vicheko. Mama yangu anaongea mpaka na kuku. Nikaogopa kwamba wenzangu wanaoomba nafasi hiyo wameteseka kunishinda. Basi nikaandika kwamba baba alipokufa, mama hakutusemesha mwaka mzima, mimi nikawa mama wa wadogo zangu. Jamani, nililia nikiuandika uongo wangu mwenyewe.

Walitaka pia barua ya kiongozi wa dini. Nikampa pasta wetu ile insha aisome, ili ajue la kusema juu yangu. Ni mgeni kwetu, alihamia juzi juzi, akanihurumia kweli kweli. Jumamosi moja niko kwa mama, tukasikia nyimbo njiani. Ni pasta na akina mama wa kanisa, wamebeba sukari na unga.

"Mama, tumesikia ule mwaka ulinyamazia watoto," pasta akasema. "Usione haya. Tumekuja tuombe pamoja hiyo kitu iishe."

Jirani yetu, mmoja wa wale akina mama, akacheka. "Ati nani? Huyu anyamaze? Pasta, si umedanganywa bana!"

Mama akaniangalia. Niliinamisha kichwa, na nadhani hapo ndipo alielewa.

"Ni kweli," akasema. "Huko nje nilikuwa naongea na nyinyi. Kwa nyumba nilikuwa nanyamazia watoto. Mungu anisamehe."

Akapiga magoti mbele yao, mama ambaye sijawahi kumsikia akidanganya. Nami nikapiga magoti kando yake, mdomo nimeufunga.

Walipoondoka nilijaribu kuomba msamaha. "Wachana nayo," akasema. "Si unataka shule?" Afadhali angenichapa. Tangu siku hiyo kanisani anakaa nyuma, na wanawake wakimsalimia wanapunguza sauti kana kwamba ni mgonjwa. Mdogo wangu anasema hata kuku sasa anawarushia mahindi bila neno.

Wiki ijayo nimeitwa chuoni kwa mahojiano, na lazima wataniuliza juu ya mwaka ule. Nikisema ukweli, nafasi imeenda. Nikiendelea, mama atabaki na dhambi ambayo ni yangu. Jana nilimpigia simu nikamwambia naona niache tu. Nilisikia mahindi yakimwagika na kuku wakiyagombania.

"Enda," akasema mwishowe. "Na wakikuuliza kama mama yako aliongea tena, waambie aliongea."

Nimeaibika mpaka siwezi kujitazama kwenye kioo. Nitukaneni kwanza, nimestahili. Halafu mniambie, nifanye nini?